Je, Wajua? Maajabu ya Rimoti Moja Inayoendesha Sebule Nzima

Tazama meza ya sebuleni: kuna rimoti ya TV, ya king'amuzi, ya sabufa, ya deki, na kwa wenye nafasi, ya kiyoyozi. Zote nyeusi, zote zina kitufe chekundu, na hakuna hata moja inayokubaliwa na chombo cha mwenzake. Madukani zimejaa rimoti jumuishi zinazoahidi kuzikusanya zote kuwa moja. Nyuma ya ahadi hiyo kuna sayansi na historia tamu ajabu, na ukiijua hata kidogo, muuzaji hatakubabaisha.

Rimoti ilizaliwa kabla ya TV

Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Nikola Tesla aliendesha mashua ndogo kwa mawimbi ya redio, bila waya, huku watu wakishangaa. Mwaka huohuo akapewa hataza ya Marekani namba 613,809. TV bado haikuwepo duniani! Hata rimoti ya kwanza maarufu ya sebuleni haikuwa ya TV: mwaka 1939 kampuni ya Philco iliuza redio kubwa yenye kisanduku cha pembeni kiitwacho Mystery Control, kisicho na waya, chenye kisahani cha kuzungusha namba kama zile za simu za zamani. Mtu alikaa kitini akachagua stesheni nane bila kunyanyuka.

Kuna rimoti iliyofanya kazi miaka yote bila betri

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti iitwayo Space Command. Haikuwa na waya, haikuwa na taa, haikuwa na betri. Ndani yake mlikuwa na fito fupi za alumini na vinyundo vidogo. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kinagonga ufito, na ufito unalia kama kibao cha marimba, ila kwa sauti ya juu mno isiyosikika. Sikio la mwanadamu hukoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na fito zile zilitetema karibu mara 40,000. Kila ufito ulikuwa na urefu wake, kwa hiyo na sauti yake, na TV ilitambua kwa sauti hiyo kama unataka chaneli ya mbele, ya nyuma, kunyamazisha au kuzima.

Kwa nini wakakataa betri? Wauzaji wa Zenith waliogopa kwamba betri ikiisha, mteja atadhani TV yenyewe imeharibika. Aliyewapa jibu ni Robert Adler, mwanafizikia mzaliwa wa Vienna ambaye maishani mwake alijikusanyia hataza zaidi ya 180. Gharama haikuwa ndogo: ili isikie sauti ile, TV ilihitaji vali sita za ziada, na bei yake ikapanda kwa karibu asilimia 30. Hata hivyo mbinu ya sauti ilitawala kwa takribani robo karne, licha ya kwamba sarafu au funguo zikigongana mfukoni ziliweza kubadilisha chaneli.

Kabla ya hapo, mwaka 1955, mhandisi mwenzake Adler, Eugene Polley, alitengeneza Flash-Matic, iliyokuwa na umbo la bastola na kutoa mwanga kama tochi. Ulilenga mwanga kwenye pembe mojawapo kati ya nne za TV, kila pembe na kazi yake. Hitilafu ilikuwa jua: likipenya dirishani na kugusa pembe ya kioo, chaneli zilijibadilisha zenyewe. Mwaka 1997 Zenith ilipata tuzo ya Emmy kwa kazi ya Adler na Polley. Na msukumo wote huo ulitoka kwa bosi wa kampuni, Eugene McDonald, ambaye hakuvumilia matangazo ya biashara na alitaka njia ya kuyanyamazisha akiwa ameketi.

Simu yako inaona mwanga usiouona wewe

Rimoti nyingi za leo zinatoa miale ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 940, na jicho la binadamu haliioni kabisa. Lakini kamera za simu nyingi huiona! Fungua kamera, hasa ile ya mbele, elekeza pua ya rimoti kwenye lenzi, kisha bonyeza kitufe chochote: utaona taa ikimemeta rangi ya zambarau au nyeupe.

Fanya jaribio hili papo hapo dukani. Taa isipowaka hata kwa betri mpya, huenda rimoti hiyo imekufa au inatumia mawimbi ya redio, na tofauti hiyo ni kubwa, kama utakavyoona.

Ujumbe mzima huisha kabla hujapepesa jicho

Unapobonyeza kitufe cha kuongeza sauti, rimoti inayotumia mfumo wa NEC, mmoja wa mifumo iliyoenea sana duniani, hutuma biti 32 kwa milisekunde 67.5. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndani ya muda huo taa inamemeta kwa kasi ya mara 38,000 kwa sekunde, ili TV iweze kuutofautisha mwanga wake na mwanga wa jua na wa taa za nyumbani.

Na utamu wake uko hapa: nusu ya ujumbe ni marudio. Rimoti inataja jina la chombo, kisha inalitaja kinyumenyume, kila sifuri ikigeuka moja na kila moja ikigeuka sifuri. Inataja amri, kisha kinyume cha amri. TV inalinganisha pande mbili. Zisipooana, inaupuuza ujumbe wote. Ndiyo maana TV yako haiongezi sauti ovyo kwa sababu tu mtu amepita mbele yake.

Sasa, Sony wao wanamemetesha mara 40,000 kwa sekunde na ujumbe wao mfupi una biti 12. Mfumo wa RC-5 wa Philips unamemeta mara 36,000 na una biti 14. Rimoti jumuishi ni ile inayojua kubadilisha lugha katikati ya mazungumzo: inaongea na king'amuzi kwa NEC, na sekunde inayofuata inaongea na TV kwa lugha ya Sony. Idadi ya vitufe si kipimo cha ubora. Uliza inajua lugha ngapi.

Mbunifu wa kompyuta za Apple aliacha kompyuta akatengeneza rimoti

Steve Wozniak, aliyebuni kompyuta za kwanza za Apple, aliondoka kwenye kazi ya kila siku ya kampuni hiyo mwaka 1985. Alianzisha nini? Kampuni ya rimoti, CL 9. Mwaka 1987 ikatoa kifaa kiitwacho CORE, kilichoweza kufundishwa ishara za rimoti nyingine na hata kuunganishwa na kompyuta. Ukiona leo rimoti ya bei nafuu yenye uwezo wa kujifunza, jua kwamba mmoja wa wahandisi mashuhuri wa karne iliyopita aliona jambo hilo linastahili nguvu zake zote.

Wakati huohuo, Mei 1985, wahandisi wa North American Philips walikuwa wamepeleka maombi ya hataza ya rimoti ya aina ya pili: isiyofundishwa, bali inayokuja tayari na orodha ya misimbo ya kampuni mbalimbali kichwani. Aina hizi mbili ndizo unazozikuta dukani hadi sasa, na rimoti bora zina uwezo wote wawili.

Rimoti hujifunza kwa kuangaliana uso kwa uso

Unaziweka rimoti mbili mezani, pua kwa pua, zikiwa na sentimita chache kati yao. Unaiambia mpya isikilize, unabonyeza kitufe kwenye ya zamani, na taa ikipepesa, somo limeingia. Haijalishi kampuni ilitoka nchi gani, wala kama jina la sabufa yako halipo kwenye orodha yoyote duniani. Inanakili mwanga wenyewe.

Lakini mwalimu lazima awe hai! Rimoti ya zamani ikishakanyagwa au kumwagikiwa chai, hakuna wa kufundisha tena. Kwa hiyo wakati mzuri wa kununua rimoti ya kujifunza ni wakati zile za mwanzo zote zinafanya kazi. Fanya somo mbali na jua kali, kwa sababu mwanga mwingine huchafua nakala.

Kuna mtego mmoja wa kuvutia sana. Mfumo wa RC-5 una biti moja inayogeuka kila unapobonyeza upya, ili TV ijue kama umebonyeza "1" mara mbili au umeishikilia tu mara moja. Rimoti inayonakili bila kuelewa huigandisha biti hiyo. Matokeo yake, unataka chaneli ya 11, unabonyeza moja na moja, na TV inakupeleka chaneli ya 1. Ukikutana na kisa hicho, usiilaumu TV: jaribu kutafuta msimbo wake kwenye orodha ya ndani ya rimoti badala ya kuufundisha.

Kitufe chekundu ndicho kinachovuruga kila kitu

Vyombo vingi vina amri moja tu ya kuwasha na kuzima: kama kimezimwa kinawaka, kama kimewaka kinazimwa. Sasa fikiria rimoti jumuishi uliyoipanga iwashe TV, king'amuzi na sabufa kwa kubonyeza mara moja. Kama mtoto alikuwa ameshawasha sabufa, rimoti itawasha TV na king'amuzi, halafu itazima sabufa. Ukibonyeza tena, mambo yanageuka: sabufa inawaka, vingine vinazimika. Unaweza kuzunguka hivyo hadi taarifa ya habari iishe.

Dawa ipo, na watu wengi hawaijui. Vyombo vingi vya kampuni kubwa vina amri mbili za siri, "washa" pekee na "zima" pekee, ambazo rimoti ya asili haina kitufe chake. Mhandisi aliziweka, TV inazielewa, lakini mkononi mwako hazijawahi kufika. Rimoti nzuri ya kuprogramu inaweza kuzituma. Ukimwuliza muuzaji kama rimoti yake ina amri tofauti za kuwasha na za kuzima, utajua mara moja kama anaijua bidhaa yake.

Rimoti za Harmony zilikuja na njia nyingine: zilikumbuka. Zilibuniwa na kampuni ya Intrigue Technologies ya Kanada, ambayo Logitech iliinunua mwaka 2004. Badala ya kuchagua chombo, ulichagua shughuli: "tazama TV", "sikiliza muziki". Rimoti ilitunza kumbukumbu ya nini kimewaka na nini kimezimwa, na ilituma tu amri zilizokosekana. Kwangu mimi hilo ndilo wazo kubwa kuliko yote katika historia ya rimoti tangu zile fito za alumini.

Rimoti inaweza kubaki nzima huku kampuni imeshaiacha

Logitech ilitangaza kwamba hazina yake ya misimbo ilihusu vyombo zaidi ya 270,000. Hazina hiyo haikuwa ndani ya rimoti bali kwenye kompyuta za kampuni, na ulihitaji intaneti na akaunti ili kuiprogramu. Aprili 2021 ikatangaza kuacha kutengeneza Harmony. Zilizokwisha kuuzwa ziliendelea kuhudumiwa, lakini tangu hapo mimi hutazama jambo hili kabla ya bei: je, ninachokiseti kinabaki ndani ya rimoti yenyewe, au kinamtegemea mtu wa mbali?

Jingine la kuuliza: betri zikitolewa, kumbukumbu inabaki? Rimoti jumuishi nyingi za zamani zilisahau kila kitu usipowahi kuweka betri nyingine. Zilizo bora leo huhifadhi hata zikikaa tupu.

Ishara ya rimoti inaweza kuandikwa na kutumwa kama ujumbe

Mwaka 1998 Philips ilitoa Pronto, rimoti yenye kioo cha kugusa. Leo haitengenezwi tena, lakini iliacha urithi: namna ya kuandika ishara yoyote ya infraredi kwa herufi na tarakimu. Ukiona mlolongo unaoanza na 0000 006D, hiyo 006D inamaanisha kasi ya kumemeta ya karibu 38,000 kwa sekunde. Mtu aliye Muscat anaweza kumtumia ndugu yake aliye Mombasa kitufe kilichopotea, kwa maandishi matupu, na rimoti inayoelewa mwandiko huo ikakitumia.

Namba 991 hufungua mlango

Kwenye rimoti nyingi za One For All, ukishikilia kitufe cha kuseti mpaka taa ipepese mara mbili, kisha ukabonyeza 9, 9, 1, rimoti inakuwezesha kupitia misimbo yote iliyonayo, mmoja baada ya mwingine, mpaka chombo chako kizimike. Kinapozimika, umepata lugha yake.

Na fungua kifuniko cha betri. Kwenye nyingi za rimoti hizo kuna pini sita ndogo zilizoachwa wazi, ambazo wapenzi wa vifaa waligundua kuwa ni mlango wa kuingilia kwenye kumbukumbu. Wakatengeneza waya na programu zao za kompyuta, na rimoti ya bei ndogo ikaanza kufanya kazi za zile za bei kubwa.

Kuna rimoti yenye kitufe kimoja, na kazi yake ni kuzima TV za watu

Mmarekani Mitch Altman alianza kuiuza mwaka 2004 kwa jina la TV-B-Gone. Ukiibonyeza hutuma amri za kuzima za kampuni nyingi, mfululizo, mpaka TV iliyo karibu izimike. Ni utafutaji uleule wa 991, ila haukomi kwa chombo chako.

Rimoti ya kiyoyozi haisemi kile ulichobonyeza

Ukibonyeza kitufe cha kushusha joto kwenye rimoti ya kiyoyozi, aghalabu haitumi amri ya "shusha nyuzi moja". Inatuma hali nzima: baridi, nyuzi 24, feni ya kasi ya kati, mabawa yakiyumba, vyote kwa pamoja. Ujumbe wa baadhi ya viyoyozi vya Mitsubishi Electric una biti 144, zaidi ya mara nne ya ule wa NEC.

Ndiyo maana rimoti ya kiyoyozi ina kioo chake: hali inatunzwa mkononi, si ukutani. Na ndiyo maana rimoti ya kujifunza ya TV hushindwa hapa. Ukiifundisha kitufe cha kushusha joto, itajifunza nyuzi 24 tu, na kila ukibonyeza utapata nyuzi 24 zilezile. Kwa kiyoyozi, tafuta rimoti jumuishi iliyotengenezwa kwa viyoyozi.

Baadhi ya vyombo havina jicho kabisa

PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, haikuwa na kipokezi cha infraredi. Ilisikia Bluetooth tu, na rimoti jumuishi za wakati huo zikabaki bubu mbele yake, hadi kampuni zikauza kifaa cha katikati cha kutafsiri. Leo vijiti kama Fire TV Stick viko hivyohivyo: vinasikia redio, si mwanga. Lakini rimoti ya Fire TV Stick aghalabu ina vyote viwili. Inaongea na kijiti kwa redio, na inawasha TV na kupandisha sauti kwa infraredi. Kabla ya kununua, panga vyombo vyako mafungu mawili: vinavyoona na vinavyosikia. Rimoti ya infraredi pekee itafika kwenye fungu la kwanza tu.

Huenda tayari unamiliki rimoti jumuishi, imejificha kwenye waya

Plagi ya HDMI ina pini 19, na ile ya 13 haipitishi picha wala sauti. Inapitisha amri kutoka chombo hadi chombo, kwa mwendo wa taratibu wa biti kama 400 kwa sekunde, na zinatosha. Kupitia pini hiyo, rimoti ya TV inaweza kuendesha deki au kuizima. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync, na mara nyingi imelala imezimwa kwenye menyu. Iwashe kwanza, kisha uone ni rimoti ngapi bado unazihitaji.

Usiku wa mwisho wa mwaka 2012 uliongeza rimoti Dar es Salaam

Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam, kisha mikoa mingine ikafuata, na Kenya ikazima mwaka 2015. Nyumba nyingi zilizokuwa na rimoti moja zikawa na mbili: ya TV na ya king'amuzi. Tazama vizuri hiyo ya king'amuzi. Baadhi zina kona yenye vitufe vichache vilivyotengwa kwa ajili ya TV, vinavyofundishika pua kwa pua. Kitufe cha kuwasha, vya sauti, na cha kubadilisha chanzo cha picha: hivyo tu vikifundishwa, rimoti ya TV inaweza kwenda kabatini.

Plastiki nyeusi ya mbele ni dirisha

Kile kipande cheusi kwenye pua ya rimoti kinaonekana kimezibwa, lakini infraredi hupita humo. Mbao haipitishi, na mlango wa kabati ukifungwa king'amuzi hakioni kitu. Kuna vifaa vidogo vya waya vinavyopokea mwanga nje ya kabati na kuurudia ndani, na vinaigeuza hata rimoti ya kawaida kuwa ya maana.

Wapo waliovaa rimoti mkononi

Katika miaka ya 1990 Casio iliuza saa za mkononi zenye uwezo wa kuendesha TV na deki, na mojawapo, CMD-40, iliweza hata kufundishwa ishara mpya. Baadaye simu zikachukua kazi hiyo. Samsung Galaxy S4 ya mwaka 2013 ilikuwa na taa ya infraredi, na simu nyingi za Redmi bado zinayo. Angalia ukingo wa juu wa simu yako: ukiona doa dogo jeusi, la mviringo, pembeni ya tundu la maikrofoni, huenda ndilo. Fungua programu ya rimoti, chagua jina la kampuni, na ujaribu TV, king'amuzi, sabufa na kiyoyozi kimoja kimoja. Kitakachokataa ndicho utakachokwenda kukitafutia rimoti dukani.